Mlango wa Pandharpur na Ufagio wa Gadge Baba

Katika hekalu la Pandharpur, mji ulio kando ya mto Bhima katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, mungu amesimama wima juu ya tofali, mikono kiunoni. Jina lake ni Vitthal, au Vithoba kama waumini wanavyomwita kwa mapenzi, nao wanamhesabu kuwa ndiye Vishnu, na hasa Krishna. Hadithi ya tofali lile inajulikana kwa watoto na wazee. Pundalik, kijana aliyewahi kuwatesa wazazi wake kisha akajuta, alikuwa amekaa miguuni pao akiwahudumia pale mungu alipofika mlangoni kumwona. Pundalik hakuinuka. Aliona kwamba kuwaacha wazazi ili kumpokea mgeni, hata mgeni wa namna ile, ni kosa. Akamtupia tofali la kusimamia akamwambia asubiri kidogo. Mungu akasubiri. Waumini wanasema yupo pale hadi leo kwa sababu Pundalik hajamaliza kazi.

Hadithi hiyo haina tarehe wala hati. Lakini ndiyo iliyoweka sheria ya kwanza ya Pandharpur: anayemtumikia binadamu kwa mapenzi anaweza kumfanya hata Mungu angoje nje. Historia ya mji huo tangu karne ya 13 ni ya watu walioichukua sheria hiyo kwa uzito wake wote, na ya wengine waliofunga mlango wa hekalu huku wakiimba sifa za yule aliyesimama juu ya tofali.

Ibada ya mapenzi, ambayo Wahindu huiita bhakti, ilianza kuvuma kusini, katika nchi ya Watamil, kati ya karne ya 6 na ya 9, kisha ikapanda kaskazini karne baada ya karne. Ilifundisha kwamba Mungu hafikiwi kwa kafara za gharama wala kwa elimu ya Kisanskriti iliyohodhiwa na Wabrahmini, tabaka la makuhani. Anafikiwa kwa kupendwa, na anasikia lugha ya nyumbani. Huko Maharashtra sauti hiyo ilipazwa na kijana wa Alandi aitwaye Dnyaneshwar. Kwa mapokeo, baba yake aliikimbia dunia akawa mtawa, kisha mwalimu wake akamrudisha kwa mkewe. Wabrahmini wenzake wakaitenga familia nzima, na watoto wanne waliozaliwa baada ya hapo wakakua wakikwepwa kama wagonjwa wa ukoma. Mmoja wa watoto hao waliokataliwa ndiye aliyeifafanua Bhagavad Gita kwa Kimarathi, katika kitabu kiitwacho Dnyaneshwari kilichokamilika mwaka 1290, akiwa bado barobaro. Alifariki mwaka 1296. Mahujaji humwita Mauli, yaani mama, na ndivyo wanavyoitana wao kwa wao wakiwa njiani: mwanamume akimwita mwanamke Mauli, mwalimu akimwita mbeba mizigo Mauli.

Namdev, rafiki wa Dnyaneshwar, alikuwa wa ukoo wa washona nguo. Nyimbo zake zilisafiri mbali hata 61 kati yake zikaingia katika Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga. Mwenyewe, kwa mapokeo, aliomba azikwe chini ya ngazi ya kwanza ya hekalu la Pandharpur ili vumbi la miguu ya kila mja anayepanda limwangukie. Ngazi hiyo ipo na inaitwa kwa jina lake. Wengi huinama kuigusa na kuiruka wasiikanyage, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha alichoomba.

Nyumbani kwa Namdev alikuwepo mtumishi wa kike aitwaye Janabai. Aliletwa angali mtoto, akakua akifanya kazi zote zisizo na jina: kuteka maji, kufua, kuosha vyombo, kuokota mavi ya ng'ombe na kuyakausha yawe kuni, na juu ya yote kusaga nafaka. Nyimbo zaidi ya 300 zinahesabiwa kuwa zake, na ndani yake hakuna kiti cha enzi wala mawingu ya mbinguni. Vitthal anaingia jikoni. Anashika mpini wa jiwe la kusagia pamoja naye, anambebea mtungi, anamchana nywele na kumtoa chawa. Ikiwa kuna mahali ambapo mapenzi ya bhakti yaliigeuza dunia ya mtu bila kumngoja tajiri wala kuhani, ni hapo: kazi ya mjakazi, iliyodharauliwa na kila aliyekula matunda yake, ikawa ndiyo chumba cha kukutana na Mungu.

Jiwe la kusagia linastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mawe mawili ya mviringo, la juu likizunguka juu ya la chini kwa mpini wa mti. Wanawake wawili huketi wakitazamana, miguu imenyooshwa, mmoja akivuta na mwenzake akisukuma, mkono mwingine ukimimina punje za mtama katika tundu la katikati. Kazi ilianza kabla ya alfajiri maana unga wa siku lazima upatikane kabla wanaume hawajaenda shamba. Mzunguko wa jiwe ndio uliopima mstari wa wimbo. Wanawake wa Maharashtra waliimba hivyo kwa karne nyingi, wakimtaja Vithoba, wakimtaja Janabai, wakitaja pia mume mlevi, mama mkwe na binti aliyeolewa mbali. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti Hema Rairkar na Guy Poitevin walizunguka vijijini kuzikusanya, na hazina hiyo sasa imepita nyimbo 100,000. Mashine za kusaga zilipofika vijijini jiwe lilinyamaza. Nafuu ya mikono ya wanawake ni jambo la kushukuru, hata kama nyimbo zilienda nalo.

Sasa Chokhamela. Yeye alikuwa wa tabaka la Mahar, mojawapo ya yale yaliyoitwa ya watu wasioguswa. Wamahar waliishi nje ya ukuta wa kijiji, wakavuta mizoga ya ng'ombe, wakalinda mipaka, wakapeleka habari za misiba, wakalipwa mabaki ya chakula. Kuwagusa kulihesabiwa najisi. Chokhamela alimpenda Vitthal kuliko alivyoweza kueleza, na hakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Alisimama nje. Nyimbo zake nyingine zinaikubali hali hiyo kwa unyonge unaouma kusoma, kana kwamba kuzaliwa kwake kulikuwa kosa lake. Nyingine zinahoji, zinalalamika, zinamwita Mungu kwenye mashtaka. Mkewe Soyarabai alikwenda mbele zaidi: yeye aliihoji dhana yenyewe ya najisi na kuuliza ni mwili gani wa binadamu ulio safi kwa kuzaliwa. Mwana wao Karmamela, dada yake Chokhamela aitwaye Nirmala, na shemeji yake Banka nao walitunga. Familia moja ya wavuta mizoga ikaacha fasihi nzima, katika zama ambazo Mmahar hakutarajiwa kuwa na la kusema.

Mapokeo yanasema Chokhamela alifariki mwaka 1338 huko Mangalvedha, karibu na Pandharpur. Wamahar walikuwa wameitwa kwa kazi ya lazima ya kujenga ukuta wa mji, na ukuta ukawaangukia. Namdev alikwenda kutafuta mabaki yake kati ya mifupa ya wengi. Aliitambua, wanasimulia, kwa kuitegea sikio: iliyokuwa ikitamka jina la Vitthal ndiyo ilikuwa yake. Akaizika mbele ya mlango mkuu wa hekalu, mkabala na ile ngazi ya kwanza. Mbele ya hapo, nje, ndipo pakawa mpaka wa watu wake kwa karne sita. Wamahar walitembea mamia ya kilomita, wakaliona kaburi la mwenzao, wakagusa vumbi, wakarudi nyumbani. Waliomwimba Chokhamela ndani ya hekalu waliweza kufanya hivyo siku moja na kuwafukuza jamaa zake siku ya pili bila kuona mgongano wowote.

Kulikuwa na waliouona. Eknath, Mbrahmini wa Paithan aliyeishi karne ya 16, ndiye aliyesahihisha nakala za Dnyaneshwari mwaka 1584, na anakumbukwa pia kwa matendo yaliyowaudhi wenzake. Inasimuliwa kwamba chakula kilichopikwa kwa ajili ya ibada ya mababu aliwapa Wamahar wenye njaa waliopita nyumbani kwake. Na kwamba maji matakatifu ya mto Ganges, yaliyobebwa kwa miguu kutoka kaskazini, alimnywesha punda aliyekuwa akifa kwa kiu. Tukaram wa Dehu, aliyezaliwa mwaka 1608 katika nyumba ya wauza nafaka na wakopeshaji, alimpoteza mke na mtoto katika njaa kuu ya karibu mwaka 1630. Baada ya hapo alichukua hati za watu waliokuwa wakidaiwa na familia yake, sehemu iliyokuwa haki yake, akazitupa mtoni Indrayani. Alitunga maelfu ya nyimbo, lakini kitendo kile cha mtoni ndicho ambacho mkulima mwenye deni hakisahau.

Mapenzi hayo yana barabara yake. Kila mwaka, kuelekea mwezi wa Ashadh unaoangukia Juni na Julai, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha na mbegu zimekwisha kufukiwa, mamia ya maelfu ya watu huondoka kwa miguu kwenda Pandharpur. Safari hiyo huitwa wari. Misafara miwili mikubwa hutoka Alandi na Dehu, ikibeba katika machela nyayo za fedha za Dnyaneshwar na za Tukaram. Mwana wa Tukaram, Narayan, ndiye aliyeanza desturi ya machela mwaka 1685, na katika karne ya 19 Haibatbaba, mtu aliyewahi kuwa katika utumishi wa watawala wa Scindia, aliupanga upya msafara wa Alandi kwa nidhamu ya kijeshi: vikundi vyenye namba, kila kimoja na nafasi yake mbele au nyuma ya machela. Umbali ni kilomita 250 hivi, na mwendo ni wa wiki tatu.

Kikundi kimoja, dindi, hutembea kwa safu. Mbele yumo mbeba bendera ya rangi ya zafarani, nyuma yake wanaume wenye matoazi ya shaba shingoni, mpiga ngoma katikati, na mwenye zeze la veena ambaye haliweki chini mchana kutwa. Wanawake hubeba kichwani vyungu vya tulsi, aina ya mrehani wanaoutukuza. Mji ukifikiwa, wenyeji hutoka na walichonacho. Washona viatu huketi kando ya barabara kushona kandambili zilizokatika bila kudai senti, vinyozi hunyoa bure, vijana hukanda miguu ya wazee wasiowajua, na jikoni hupikwa mikate ya mtama na rojo zito la unga wa dengu kwa maelfu. Anayehudumia humgusa miguu anayehudumiwa, kwa imani kwamba Vitthal huenda yumo katika umati, amevaa kilemba cha mkulima.

Mwanaanthropolojia Irawati Karve, aliyetembea na msafara huo katikati ya karne ya 20, aliupenda kwa moyo wote na bado akaandika alichokiona jioni. Vikundi viligawanyika kwa tabaka. Mchana wote waliimba wimbo mmoja. Chakula cha usiku Wabrahmini walipika kwao na Wamaratha, tabaka la wakulima, kwao. Hilo lilimchoma, na linapaswa kumchoma yeyote anayeisifu bhakti kwa haraka. Wimbo unaweza kumfanya mtu alie kwa ajili ya Chokhamela na usimfanye aketi kula na Mmahar aliye hai.

Hoja hiyo hakuna aliyeikaza kama Bhimrao Ambedkar, Mmahar mwenyewe, mwanasheria na mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India. Ambedkar aliwaheshimu watakatifu wa bhakti. Kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu watu wasioguswa alikitoa kwa kumbukumbu ya watatu wao, Chokhamela akiwemo. Lakini alisema wazi kwamba walipigania usawa wa watu mbele ya Mungu, hawakupigania usawa wa mtu na mtu. Kwake yeye mlango wa hekalu haukuwa tena jambo la kusubiri. Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu akaingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Mlango wenyewe ulikuwa umekwisha kufunguliwa miaka tisa kabla. Aliyeubisha ni mwalimu wa shule aitwaye Sane Guruji, mwandishi aliyependwa sana kwa kitabu chake juu ya mama yake, na mpigania uhuru aliyezoea jela za Waingereza. Alizunguka Maharashtra kwa miezi akihutubia na kuimba, akidai kwamba mahekalu na visima vifunguliwe kwa wote. Mei 1947, India ikiwa bado miezi mitatu kabla ya uhuru, aliketi Pandharpur akaanza kufunga, tayari kufa. Alifunga zaidi ya wiki moja. Wenye hekalu wakakubali. Watu wa tabaka la Chokhamela wakapita mbele ya kaburi lake, wakapanda ile ngazi ya Namdev, wakaingia.

Wakati huohuo alikuwepo mtu mwingine ambaye wanaomsimulia husema alikuja Pandharpur mwaka baada ya mwaka na hakujishughulisha kuingia hekaluni hata kidogo. Alizaliwa tarehe 23 Februari 1876 katika kijiji cha Shendgaon, wilaya ya Amravati, katika tabaka la madobi, akapewa jina la Debuji. Baba yake alimalizwa na pombe. Debuji akalelewa kwa wajomba, akalima, akaona mashamba yakiliwa na mkopeshaji kwa hati ambazo mkulima hawezi kuzisoma. Mwaka 1905 aliaga nyumba na familia. Alivaa matambara yaliyoungwaungwa na kubeba gae la chungu, ambalo lilikuwa sahani yake akila na kofia yake kwenye jua. Kwa gae hilo watu wakamwita Gadge Baba. Mkono wa pili alishika ufagio.

Alifika kijijini bila kutangulizwa na mtu yeyote, akaanza kufagia. Alizoa taka za njiani, akazibua mitaro. Wenyeji walisimama wakitazama, kisha aibu ikawashika, mmoja akaleta ufagio wake, wa pili jembe. Jioni, kijiji kikiwa safi, Baba alisimama mbele yao na kuanza kirtan, mahubiri ya kuimba na kujibizana. Hakujua kusoma, na alizungumza Kimarathi cha shamba cha upande wa Varhad. Aliwauliza maswali, wakajibu, akaligeuza jibu lao likawa swali jingine, hadi wakajikuta wamekiri wenyewe kwamba kumchinjia mungu mbuzi ni ukatili, kwamba kukopa kwa ajili ya karamu ya harusi ni kujifunga kamba, kwamba pombe inakula mtoto, na kwamba asiyetaka kula na mtu wa tabaka jingine hajamjua Vitthal. Usiku ukiisha, mara nyingi alikuwa amekwisha kuondoka.

Fedha alizopewa hakuzitia kwake wala kwa wanawe. Zilijenga shule, hosteli za wanafunzi maskini, mazizi ya ng'ombe wazee, na nyumba za kulaza wasafiri, zinazoitwa dharamshala. Pandharpur alijenga ya mahujaji wa tabaka la Mahar, akaipa jina la Chokhamela. Kwa mara ya kwanza watu waliolala mtoni kwenye matope walikuwa na paa. Baadaye akaitoa kwa jumuiya ya elimu iliyoanzishwa na Ambedkar. Wawili hao waliheshimiana sana, mmoja mwenye digrii za New York na London, mwingine asiyejua herufi. Ambedkar alifariki tarehe 6 Desemba 1956. Gadge Baba alimfuata tarehe 20 ya mwezi huohuo, akiwa njiani kuelekea Amravati. Huko Mumbai, katika mtaa wa Dadar, dharamshala yenye jina lake bado inawapokea wagonjwa wa saratani waliotoka mbali kutibiwa katika hospitali ya Tata, pamoja na jamaa zao, kwa ada ndogo mno.

Mabishano ya hekaluni yaliendelea. Sheria ya mwaka 1973 ilizifuta haki za kurithi za koo za makuhani. Koo hizo zilipigana mahakamani kwa miongo minne hadi Mahakama ya Juu ya India ilipozikataa mwaka 2014. Mwaka huohuo kamati ya hekalu ikatangaza nafasi za makuhani kwa watu wa tabaka lolote, wanawake kwa wanaume. Hilo ni badiliko ambalo Soyarabai asingeweza hata kuliota.

Lakini kesi iliyogusa kiini cha ujumbe wa Gadge Baba ilikuwa nyingine, na haikupata vichwa vya habari vikubwa hivyo. Umati wa wari ulikuwa ukijisaidia kwenye mchanga wa mto na vichochoro vya mji, na waliozoa kinyesi hicho kwa mikono walikuwa watu wa matabaka ya chini kabisa, kazi ambayo sheria ya India imeipiga marufuku. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu ya Bombay, ambayo mwaka 2014 na 2015 ilizitaka mamlaka zilete vyoo vya kutosha na kuukinga mto. Tangu hapo vyoo vya kuhamishika hupangwa kwa maelfu katika vituo vya misafara, na vijana wa kujitolea, wengi wao wanafunzi, hutangulia kabla ya machela kufika wakiwaelekeza mahujaji vyooni, kisha hubaki nyuma kuokota sahani za majani na kufagia uwanja ambao umati umekwisha kuuacha.